Mpaka Nikuone Umekaa

Viroqua, Wisconsin
9 Februari 1998

Kaka Orrin,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, si juu ya paa ukipigilia mabati kama mwaka jana. Hapa sote wazima, na nikisema sote nina maana ya mimi na paka. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni. Jumapili mchungaji aliwahubiria watu tisa, saba kati yao wakikohoa. Mwanangu Craig na mkewe walikuja Krismasi kutoka Madison, wakalala siku mbili, wakaondoka. Nilikuwa nimepika lefse za kutosha ukoo mzima, zile chapati za viazi alizotufundisha mama, na nimezila peke yangu mpaka juzi.

Nyonga yangu mpya inafanya kazi. Daktari ameniruhusu kila kitu isipokuwa pikipiki ya magurudumu mawili, na ile yangu ndogo nimeshaigawa. Sasa usicheke. Ile Honda kubwa ya marehemu mume wangu, iliyokaa gereji chini ya shuka miaka yote hii, nimempa Leland, fundi wa hapa mjini, aibadilishe. Ameondoa gurudumu la nyuma akaweka mawili. Haianguki hata ukiisukuma. Siku zisizo na barafu naitoa mpaka barabara kuu na kurudi, na siku za barafu naikalia humo humo gereji.

Shida ni kwamba mwili hauipendi. Maili arobaini tu na mgongo unawaka moto, na mabega ndiyo usiseme, maana pikipiki hii hailali kwenye kona kama za zamani. Unaizungusha kwa nguvu ya mikono kama unageuza kabati. Na mimi ninahitaji maili mia sita, kwa sababu nataka kuja kwako.

Nakueleza kwa nini ni mwaka huu. Craig anataka kuiuza pikipiki. Tumekubaliana nina mpaka mwisho wa Septemba. Kama kufikia hapo nimeendesha mpaka Arkansas na kurudi salama, inabaki yangu na haniulizi tena. Kama sikuweza, inaondoka, nami nakwenda Madison kuangalia vile vyumba vya wazee ambavyo bafuni wamening'iniza kamba ya kuvuta ukianguka. Nilishapelekwa kimoja. Kizuri sana, na nilitoka kabla hawajamaliza kunionyesha.

Kwa hiyo nitengenezee kiti. Najua sharti lako: miaka arobaini umetengeneza viti vya pikipiki na hujawahi kukata sponji ya mtu ambaye hujamwona amekaa. Basi nije mapema Juni unione nimekaa. Hatujaonana tangu mazishi. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho tulipigiana kelele robo saa na hakuna aliyesikia kitu.

Mdogo wako,
Marlys


Harrison, Arkansas
3 Machi 1998

Mdogo wangu Marlys,

Mimi ni mzima ukiacha masikio, na kuku wangu ni wazima ukiacha mmoja aliyechukuliwa na mbweha. Huku maua ya kwanza yameshatoka na mvua imeharibu njia ya kuingia kwangu. Bi Opal wa nyumba ya chini bado ananiletea maharage kila Jumatano, na bado nasahau kurudisha sufuria. Paa halivuji.

Umefanya vizuri kuweka magurudumu matatu. Nimewafanyia wengi wa umri wetu, na wote wanakuja na kosa moja: wanadhani dawa ya maumivu ni ulaini. Kiti laini kinakufurahisha dakika tano gereji. Baada ya saa moja sponji imelala yote na umekalia bati. Mzee anahitaji kiti kigumu kuliko cha kijana, kipana nyuma, chembamba kwenye mapaja, na uti wa mgongo uachiwe nafasi usiguse kitu.

Fanya hivi. Kata kipande cha boksi la karatasi ngumu, kiweke juu ya kiti cha mbao, ukae dakika kumi bila kutikisika. Ukiinuka utaona mabonde mawili madogo. Hayo ni mifupa yako. Yazungushie kalamu, kisha nitumie hilo boksi pamoja na vipimo hivi: kutoka goti mpaka kisigino, kutoka kiuno mpaka bega, na urefu wa mkono ukiwa umeunyoosha kama unamsalimu mtu usiyempenda. Nitumie na kiti cha zamani kwa posta. Nitakifanyia hapa hapa.

Mkumbushe Leland aangalie upepo wa matairi.

Kakako,
Orrin


Viroqua
22 Machi 1998

Kaka,

Boksi ni hilo, pamoja na vipimo na kiti cha zamani. Craig aliingia jikoni bila kubisha na kunikuta nimelikalia, mikono magotini, naangalia saa ya ukutani. Nilimwambia kaka yangu ndiye aliyeniagiza. Sasa anafikiri tumechanganyikiwa wote wawili.

Kuna habari za huku. Akina mama wa kanisa wamegombana kuhusu nani ameacha chungu cha kahawa kikaungua, na wameniomba niamue kwa kuwa mimi sina upande. Ni kweli sina. Siku hizi nakula nimesimama karibu na sinki, sahani moja, kijiko kimoja, nikiwa nimewasha redio ya bei za mahindi. Sina hata shamba la mahindi.

Kuna jambo limenishangaza. Uliwahi kumrudisha mtu aliyetoka Ohio na pesa zake mkononi kwa sababu alileta kiti peke yake, akasema atakaa siku nyingine. Ulimwambia kiti bila mtu ni sponji tu. Mimi dadako nakuambia nakuja mwenyewe na makalio yangu, na wewe unaniambia tumia posta. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta ulipojibu kuhusu Juni. Hukujibu.

Niambie tu kama Juni inakufaa.

Marlys


Harrison
30 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa. Mvua haikukatika na ngozi haikauki kukiwa na unyevu. Masikio yamezidi, Bi Opal siku hizi ananiandikia kwenye ubao mdogo kama vile mimi ni mwanafunzi mzito. Kuku wameanza kutaga tena.

Kiti chako kimo kwenye boksi kubwa. Nimetumia sponji ngumu chini na nyembamba laini juu, na katikati nimekata mfereji wa uti wa mgongo. Mfupa wako wa kushoto unazama zaidi ya wa kulia, nadhani kwa sababu ya nyonga, kwa hiyo upande huo nimeujaza kidogo. Kikitoa kelele za ngozi siku za mwanzo, vumilia.

Kuhusu Juni, naona bado. Kiti ni nusu ya kazi. Mabega yako hayataponywa na kiti. Mwambie Leland asogeze usukani nyuma uje kwako inchi tatu, si wewe uufuate. Kisha kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele akisogeze mbele kidogo. Kuna vipande maalumu vya kazi hiyo. Ukishafanya hivyo utaugeuza kwa vidole. Halafu kioo cha mbele kiwe kirefu kiasi cha upepo kupita juu ya kofia, maana upepo wa kifuani siku nzima humchosha mtu mzima kuliko anavyojua. Hayo yakikamilika tutazungumza.

Orrin


Viroqua
7 Juni 1998

Kaka Orrin,

Salamu kutoka kwenye kijani. Mialoni imefunika bonde lote na ng'ombe wa jirani wameachiwa nje. Craig amepandishwa cheo. Paka amezaa, kumbe alikuwa jike, na mimi nilikuwa nikimwita Harold.

Samahani na mimi nimekawia. Nilikuwa na mafua yaliyonilaza ndani wiki tatu.

Kiti ni kizuri. Kabla ya mafua nilikaa saa mbili mfululizo mpaka mto Mississippi, na niliposhuka nilitembea kama mtu. Leland amefanya yote uliyosema. Usukani umekuwa mwepesi mpaka niliogopa. Kwa hiyo sasa sina maumivu ya kukueleza, na nadhani Julai naweza kuja.

Jambo dogo tu: ungeweza kunitengenezea kikanyagio kipana zaidi upande wa kulia, chenye ukuta nyuma? Cha mguu mzima, si cha unyayo tu.

Marlys


Harrison
19 Juni 1998

Marlys,

Kuku wazima, mimi mzima, Bi Opal mzima. Mguu umevunjika wapi?

Hakuna mafua yanayomfanya mtu aombe kikanyagio chenye ukuta nyuma, upande wa kulia. Ulikuwa unasimama njia panda. Kabla pikipiki haijatulia ukashusha mguu chini kama ulivyozoea miaka thelathini, na gurudumu lako la nyuma likapanda kisigino. Kila aliyetoka kwenye mawili akaja kwenye matatu amefanya hivyo au atafanya. Kichwa kimeelewa kwamba haianguki, mguu haujaelewa. Nilitakiwa kukuonya kwenye barua ya kwanza. Nilikuonya kuhusu sponji na upepo, nikasahau mguu, na tangu nilipopata barua yako sijala vizuri.

Kikanyagio hiki hapa. Nimekiwekea ukuta wa chuma na ngozi ya kondoo ndani. Mazoezi yako ni haya: kaa gereji injini ikiwa imezimwa, kamata breki, na ujizuie kushusha mguu. Fanya mara mia kila siku. Utajiona mjinga, ndiyo namna yenyewe.

Julai hapana. Joto la huku linaua watu wa rika letu. Nakutengenezea egemeo la mgongo, subiri hilo.

Orrin


Viroqua
28 Juni 1998

Orrin,

Leo sina salamu ndefu. Mguu ulipasuka mfupa mmoja, umeunga, nilikuficha kwa sababu nilijua utasema hapana, na umesema hapana. Craig naye nilimficha. Nilimwambia nimejikwaa kwa paka.

Nimeketi mezani na kutandaza barua zako zote. Kila mara nikikuambia nakuja, unapata kitu kingine cha kunitengenezea. Kwanza vipimo, kisha kiti, usukani, kioo, kikanyagio, sasa egemeo. Umeniwekea kila raha kwenye pikipiki hii isipokuwa ruhusa ya kuja kwako. Miezi mitano nilikuwa nikijiambia kaka yangu ni mwangalifu. Sasa naona hutaki kuniona, na hilo linaniuma kuliko mguu.

Na kuna jina ambalo hatulitaji. Ni Arvid. Mume wangu, shemeji yako, uliyekwenda naye kuvua samaki kila vuli. Tarehe kumi na mbili mwezi huu ilitimia miaka sita tangu aliponiaga akisema anakuja kwako kutengenezewa kiti, na moyo wake ukasimama maili nane kaskazini mwa Macon, Missouri, kabla hajafika hata nusu ya safari. Wewe ulikuwa umemwita, kwa lile sharti lako la mpaka nikuone umekaa. Mazishini ulinishika mikono ukasema, "Ni mimi, Marlys. Ni mimi." Sijasahau.

Kama ndiyo sababu, sema. Mimi nina miaka sabini na moja, wewe sabini na saba. Siku nzima hapa hakuna anayenigusa bega. Ukiniambia hapana kwa mara nyingine, nitakwenda Madison kwenye kamba yangu ya bafuni na hutaniona tena, kwa sababu wewe hupandi basi na mimi sitakuwa na pikipiki.

Marlys


Harrison
15 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Egemeo la mgongo limo ndani, pamoja na vilalio viwili vya mikono. Boliti ziko kwenye mfuko wa karatasi. Leland azikaze kwa mkono kwanza.

Wamesema barabara ya Missouri inachimbwa.

Barua yako niliipata. Nimekaa kujibu mara nyingi. Sina la kusema kuhusu shemeji ambalo lingekusaidia.

Orrin


Viroqua
24 Agosti 1998

Kaka Orrin,

Asubuhi ya leo kulikuwa na ukungu bondeni na nimesikia bata wa kwanza wakipita kuelekea kusini. Watoto wa paka wamegawiwa wote. Craig amempata mtu wa kununua pikipiki, anasubiri tu tarehe. Leland amefunga egemeo na vilalio. Nimekaa humo jana alasiri nzima mlango wa gereji ukiwa wazi, sikuumwa popote, na nikalia.

Kwa kuwa wewe huna la kusema, mimi ninalo. Nililiweka miaka sita, na barua yako fupi ndiyo imenionyesha nilichokufanyia.

Arvid hakuwa anakuja kwako kutengenezewa kiti. Arvid alikuwa ananiacha.

Alipostaafu alikuwa jikoni kwangu kutwa. Alipanga upya makabati yangu. Alinifuata na kitambaa akifuta nilipokwisha kufuta. Ninavyokula sasa nimesimama karibu na sinki, ungedhani ningetoa chochote nimpate mtu wa kunifuata na kitambaa, na kweli ningetoa. Wakati ule nilikuwa nimechoka. Asubuhi ile nilimwambia, "Kama barabara ni tamu kuliko nyumba hii, basi kaishi huko." Alikwenda chumbani, akatoka na mabegi. Nilimwona kutoka dirishani akipakia, na kitu cha mwisho alichosukumia ndani kilikuwa soksi zake za sufu. Ilikuwa Juni, Orrin. Mtu anayekwenda wiki moja kwa fundi wa viti habebi soksi za sufu.

Nilikuwa na muda wa kutoka nje. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto kama kawaida yake, dakika tatu au nne. Nilisimama na taulo ya vyombo mkononi nikaangalia mpaka akaondoka.

Halafu wewe ukaja mazishini na kusema ni mimi, na mimi nikakupigapiga mgongo na kunyamaza. Nilikuacha ubebe lawama. Nilifikiri, akibeba yeye, watu hawatauliza mabegi yalikuwa na nini. Na ukabeba mpaka ukaacha kuja, ukaacha kuandika isipokuwa Krismasi, na sasa huwezi kuvumilia kuniona kwenye barabara ile ile. Kumbe hukuwa na kosa lolote. Ulimwita mtu aje akae kwenye kiti, basi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nataka kuja nikuambie nikiwa nakutazama. Lakini ukikataa baada ya haya, safari hii nitaelewa.

Dadako,
Marlys


Harrison
2 Septemba 1998

Mdogo wangu Marlys,

Nakuandikia kwenye meza ya kazi, mlango ukiwa wazi, kuku wanaingia na kutoka. Bi Opal alipita, akaona nilivyo, akaandika kwenye ubao wake kama nataka daktari. Nilimwambia nataka karatasi zaidi.

Soksi niliziona. Mimi ndiye niliyefungua yale mabegi.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio, maana nimelishika hili vibaya miaka sita. Siku ile, saa sita mchana, simu yangu ililia. Wakati ule nilikuwa bado nasikia. Alikuwa Arvid, anapiga kutoka kituo cha mafuta. Alisema yuko Macon, amesimama kunywa kahawa. Akaniuliza kama nina chumba, si cha wiki moja, cha kukaa mpaka baridi ipite. Nikajua.

Nikamwambia, "Chumba ninacho, lakini si chako. Rudi kwa dada yangu. Mkishamalizana njooni wawili, niwaone mmekaa."

Nikasikia magari yakipita upande wake. Nilifikiri amekasirika. Kisha akacheka kidogo na kusema, "Marlys atakuwa ameshakula chakula changu." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na pengine kwa mtu yeyote.

Ilipofika saa tisa polisi walinipigia. Walikuta anwani yangu mfukoni mwake, na hawakuwa wamekupata wewe bado. Nilipanda pikapu nikaendesha saa tano bila kusimama. Hospitali nilimwona yeye, sina haja ya kusema zaidi. Halafu jua likiwa linashuka polisi mmoja alinipeleka kwenye pikipiki, kwa sababu gari la kuvuta lilikuwa bado halijafika.

Nilipokuambia mazishini ni mimi, sikuwa nazungumzia kiti. Nilikuwa nazungumzia simu ile. Mtu mwenye moyo mgonjwa aliniomba mahali pa kulala nami nikamgeuza barabarani. Ningemwambia njoo, labda angepumzika pale kituoni, labda angefia kwangu na mtu akimshika mkono. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Kila ulipoandika unakuja, nilikuona umesimama hapa mlangoni ukinitazama, nami ningelazimika kusema. Basi nikakutengenezea kitu kingine. Umenisoma sawasawa.

Na sikuweza kusema kwa sababu nyingine. Nilidhani hujui. Nilidhani wewe unaamini alikuja kwangu kwa ajili ya kiti na kwamba mliagana vizuri. Ningekuambiaje kwamba alikuwa anarudi, bila kukuambia kwanza kwamba alikuwa ameondoka? Nikaona bora uwe na mume aliyefia njiani akija kwa shemeji yake. Nilidhani nakulinda, na wewe ulidhani unajilinda, na katikati hapo tumepoteza miaka sita ambayo kwa umri wetu hatukuwa nayo ya kupoteza.

Njoo. Njoo wiki ijayo, joto limepungua, na barabara haichimbwi, nilikudanganya. Egemeo usilikaze zaidi kabla hujafika, maana nataka kukuona umekaa ndipo nijue nilichokosea. Ukitaka kunywa kahawa Macon, kanywe. Lakini kabla hujaanza safari nataka ujue hili, usije ukapita pale bila kulijua.

Macon alikuwa ameshafika. Alinipigia simu akiwa pale. Walimkuta maili nane kaskazini ya pale, amekaa kwenye majani, amevua kofia na kuiweka pembeni. Pikipiki alikuwa ameiegesha vizuri kando ya barabara, upande wa magari yanayokwenda kaskazini, taa ya kukunja kushoto bado inawaka kwa sababu alikuwa anataka kurudi barabarani. Niliizima mwenyewe. Ilikuwa imeelekea kwako, Marlys.

Kakako,
Orrin